Nimeuza gari la zamani, jipya bado liko Japani: nisafiri vipi?

Swali la msomaji: "Naishi Moshono, nafanya kazi Tengeru, na watoto wangu wawili, wa darasa la pili na la tano, wanasoma Njiro. Mwezi uliopita niliuza Passo yangu kwa sababu mnunuzi alikuja na fedha mkononi, nikaagiza Rumion ya 2012 kutoka Japani. Muuzaji aliniambia wiki sita. Hii ni ya tano, na sasa anasema gari 'linasubiri meli'. Jirani ananikodishia IST yake kwa 1,200,000 kwa mwezi, mafuta juu yangu, nilipe yote mbele, hatuandikiani. Kaka yangu anasema ninunue pikipiki, nikishapata gari niiuze. Mama yangu yuko Machame na kila mwezi nampeleka kliniki KCMC. Nichague lipi?"

Jibu:

Dada, jirani usimpe fedha wiki hii, na wazo la pikipiki liweke pembeni kwanza. Kitu cha kutafuta leo ni jina la meli. Bila hilo hujui kama unasubiri wiki tatu au miezi mitatu, na huwezi kupanga usafiri wa muda usioujua.

Wauzaji wengi wakisema wiki sita, wanahesabu tangu meli ing'oe nanga Japani. Mteja yeye anahesabu tangu siku aliyolipa. Kati ya siku hizo mbili kuna mengi: gari litoke mnadani au yadi ya muuzaji, lipelekwe bandarini, iwe Yokohama, Nagoya, Kobe au Osaka, lipangiwe nafasi kwenye meli ya kubeba magari. Meli ikijaa, gari linabaki yadi likingoja inayofuata. Likishapanda, safari ya baharini hadi Dar es Salaam huchukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kutegemea bandari ambazo meli inapitia njiani. Halafu kuna kushushwa, forodha, usajili, na barabara ya zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha. Kama hadi leo Rumion yako haijapanda meli, jipange kwa miezi miwili kamili na uwe na uwezo wa kuvumilia wa tatu.

Muuzaji mwandikie, usimpigie. Muulize jina la meli na namba ya safari yake, tarehe ya kuondoka, na siku atakayokutumia B/L halisi, yaani hati ya meli ya kupokelea gari. Ukipata jina la meli, iangalie mwenyewe kwenye tovuti za kufuatilia meli kama MarineTraffic. Utaona iko wapi na inaelekea bandari gani. Muuzaji anayekujibu "iko njiani" halafu jina la meli hana, mchukulie kama mtu ambaye bado hajapakia gari.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo ninaloliona likiumiza watu kuliko daladala na bodaboda: fedha ya kodi ya serikali ya kulitoa gari bandarini. Ukiwa unangoja, fedha ya Passo iko kwenye simu au benki, na kila siku kuna nauli, kuna gari la kukodi, kuna dharura. Siku meli inatia nanga, fedha ya kutoa gari haitoshi, na gari linakaa bandarini likihesabiwa tozo ya kuhifadhiwa kila siku. Hapo unalipia gari la kukodi Arusha na unalipia lako likae Dar.

Piga hesabu mapema. Kwa Rumion ya 2012 ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, na kwa kuwa gari limevuka miaka 10 unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Hizo zote zikishaingia ndipo VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake, pamoja na tozo nyingine ndogo ndogo. Ukizijumlisha, kodi ya gari la umri huo hukaribia kulingana na thamani yenyewe ya gari likiwa limefika bandarini. Na thamani inayotumika ni ile ambayo TRA wanaitambua. Bei uliyopatana na muuzaji inaweza kuwa chini yake. Kikokotoo kiko kwenye tovuti ya TRA, unaweka aina ya gari, mwaka na injini, unapata makadirio. Fedha hiyo itenge kwenye akaunti ambayo huigusi. Kinachobaki ndicho bajeti yako ya usafiri, hata kama ni kidogo.

Tuje kwenye usafiri wenyewe. Swali lako limekaa kana kwamba unatafuta chombo kimoja kitakachofanya kazi zote alizokuwa anafanya Passo. Ndiyo maana kila jibu linaonekana ghali au la hatari. Zitenganishe safari zako, kila moja uipe usafiri wake, utaona kwamba inayohitaji gari kweli kweli ni moja tu: watoto kwenda na kurudi Njiro. Tengeru unaweza kufika bila gari lako. Sokoni Kilombero Jumamosi unaweza kufika bila gari lako. Machame ni siku moja kwa mwezi.

Watoto ndio wa kuanza nao. Nenda shuleni kesho uulize kama basi la shule linafika Moshono na kama wanapokea mtoto katikati ya muhula kwa malipo ya mwezi. Shule nyingi hukubali kama kuna kiti. Usiishie kwenye bei. Uliza basi linapita njia gani, na mvua kubwa ikinyesha dereva anafanya nini. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji ya korongo eneo la Muriet, hapa hapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Makorongo yetu yanakaa makavu mwezi mzima, halafu asubuhi moja maji yanashuka kutoka Mlima Meru wakati kwenu hata mvua hainyeshi. Dereva wa watoto lazima awe mtu aliyeambiwa waziwazi na shule na wazazi kwamba akikuta maji yanapita juu ya barabara, anageuza, hata watoto wakikosa mitihani. Kama jibu la shule kuhusu hilo linababaika, usilipe.

Basi la shule likikosekana, tafuta mzazi mwenzako. Moshono, Kijenge, Njiro, njia hiyo asubuhi ina magari mengi ya wazazi yenye viti vitupu nyuma. Kaeni muongee fedha mapema, kwa sababu urafiki wa bure huchoka wiki ya tatu. Njia nzuri ni kuchangia mafuta: EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei ya Arusha imo, kwa hiyo mnaweza kukubaliana lita ngapi kwa wiki na bei ikipanda au ikishuka hakuna atakayemwonea mwenzake.

La tatu ni bajaji ya mkataba. Si kusimamisha yoyote inayopita. Namaanisha dereva mmoja anayekuja mlangoni saa ile ile kila siku. Hapa nakuomba uwe mkali. Kubaliana naye kwamba hakuna deiwaka: siku akiumwa au akiwa na shughuli akupigie usiku ule, asimtume kijana mwingine mtoto asiyemjua. Mwalimu wa darasa awe na jina lake, namba yake ya simu na picha yake, na watoto wajue kwamba asipokuja yeye wanabaki shuleni hadi wasikie sauti yako. Mlipe kila Ijumaa kwa wiki iliyoisha. Ukimlipa mwezi mzima mbele, siku akipata abiria wa kwenda mbali watoto wako watasubiri getini.

Bodaboda kwa watoto wawili, hapana. Sheria inampa dereva wa pikipiki abiria mmoja. Mshikaki wa watoto wawili asubuhi kwenye foleni ya Kijenge, mmoja amekaa mbele juu ya tangi na mwingine nyuma na begi, hauna kofia ngumu inayowatosha wala kitu cha kushika. Najua kila mtu anafanya. Kama umefika mahali pa kuchagua kati ya hilo na mtoto kuchelewa kipindi cha kwanza, achelewe.

Wewe kwenda Tengeru ni rahisi zaidi. Toka Moshono hadi barabara kuu ya Moshi kwa daladala au bodaboda, halafu panda gari la Tengeru au Usa River. Asubuhi una bahati: wengi wanaingia mjini na wewe unatoka, kwa hiyo viti unapata. Jioni hali inageuka wakati wa kurudi, hasa siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, abiria wanapopanda na mizigo. Siku hizo jipe saa moja zaidi. Siku ya mvua au ukiwa umechelewa, ita gari kwa simu, Bolt au dereva teksi unayemjua, na uhesabu kwamba mara chache kama hizo kwa wiki bado ni nafuu kuliko gari la mwezi.

Hapo ndipo hesabu ya IST inaonekana. Milioni moja na laki mbili kwa siku 30 ni 40,000 kwa siku, na inasikika vizuri. Lakini siku za kazi na shule katika mwezi ni kama 22. Ukigawa kwa hizo, kila siku ya kazi inakugharimu karibu 54,500 kabla hujaweka lita moja ya mafuta. Linganisha na basi la shule pamoja na nauli yako ya Tengeru.

Na bei si tatizo kubwa la IST ya jirani. Nenda kaitazame namba yake. Kama kibao ni cha njano, hilo ni gari binafsi. Magari ya biashara kwetu yana kibao cheupe. Bima ya gari binafsi imekatwa kwa matumizi binafsi, na karibu kila hati ya bima ya namna hiyo inaondoa matumizi ya kukodisha kwa malipo. Maana yake, hata kama jirani ana bima kubwa, siku ukigonga mtu au ukagongwa pale Philips, kampuni ya bima ikijua gari lilikuwa limekodishwa inaweza kukataa kulipa matengenezo. Kama ana bima ndogo tu, matengenezo ya IST hayamo hata kidogo. Gari limeharibika, mwenye gari ni jirani yako, karatasi hakuna, na wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Ujirani wa miaka unaishia hapo, na fedha uliyotenga ya kodi ndiyo itakayotengeneza bampa na taa zake.

Simaanishi usikodi kabisa. Ukiona huwezi kukwepa, tafuta mwenye gari la biashara lenye bima inayotaja kukodisha, na uihakiki stika kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari kabla hujalipa. Kagua pia madeni yanayofuata namba hiyo: faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi, na maegesho ya mjini yana deni lake TARURA. Ukikuta deni la mtu mwingine, lipigwe picha na liandikwe kwenye makubaliano, kwa sababu gari likikamatwa barabarani mkono ulioshika usukani ni wako. Siku ya kupokea gari piga video ukilizunguka taratibu: kila mkwaruzo, kioo cha mbele, tairi nne na ya spea, jeki, spana ya magurudumu, kisha dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Mtumie mwenye gari video hiyo papo hapo kwenye simu yake ili tarehe na saa zibaki. Andikeni nani anabadilisha oili muda ukifika, na gari likilala gereji siku hizo zinahesabiwa vipi. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu wanajikuta wanalipia gari lililoko juu ya mawe.

Gari likodi kwa siku au kwa wiki. Usikubali mwezi unaolipwa mbele hadi meli iwe imeshafika. Na kampuni zilizozoea watalii zikikutajia dola, omba bei ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kuna suala la msimu pia. Kuanzia Juni hadi Oktoba magari mengi ya Arusha yanafuata wageni, bei hazishuki. Machi hadi Mei, masika, wageni wanapungua na wenye magari wanasikiliza, ila ndipo barabara za vumbi za Moshono zinageuka tope na gari la chini linakwama. Desemba ni habari nyingine kabisa: Wachagga wanarudi nyumbani, Coaster za Moshi zinajaa, Noah za kupanda mlimani zinapandisha nauli, na kila IST yenye tairi nzima ina mtu aliyeiwahi. Kama kusubiri kwako kunaelekea Desemba, gari la siku za kumpeleka mama liwekee nafasi mwezi mmoja kabla.

Na mama yako Machame usimpeleke KCMC kwa gari linaloanzia Arusha. Unalipia kilomita zote za kwenda kumfuata na za kurudi, na siku nzima ya gari, kwa safari ambayo kwake ni fupi. Panda Coaster ya Moshi alfajiri ukutane naye hospitalini, na yeye aletwe na dereva wa huko huko Machame anayejulikana kijijini, wa teksi au Noah utakayoikodi peke yake. Mama mwenye kliniki asibanwe kwenye michomoko, zile gari ndogo za kuchangia nauli, na abiria wengine wanne kwenye kiti cha watatu. Huyo dereva awasubiri, au mpatane saa ya kurudi, kwani kliniki haina saa ya kumaliza. Ukiwa na dereva mmoja wa Machame kila mwezi, hata gari lako likishafika utamshukuru, maana kuna siku utakuwa kazini na mama ataugua ghafla.

Pikipiki ya kaka nimeiacha makusudi hadi hapa. Unahitaji leseni daraja A, ambayo ya gari haikupi, na kujifunza kuendesha hadi uwe salama kwenye barabara kuu ya Moshi yenye malori na mabasi si kazi ya wiki mbili. Utainunua kwa bei ya haraka na kuiuza kwa bei ya haraka, hasara mara mbili, na bado watoto hawapandi. Kama ungekuwa unaendesha tayari na unakwenda peke yako, ningekujibu tofauti.

Sasa wiki za mwisho. Meli ikiwa bado baharini, wakala wako wa forodha awe ameshapata nakala za hati zote na TIN yako, kwa sababu gari litasajiliwa kwa TIN hiyo, na jina lililo kwenye B/L lilingane nayo herufi kwa herufi. Majina mawili kwenye hati moja na matatu kwenye nyingine ni sababu ya kawaida kabisa ya gari kukaa bandarini wakati mwenye nalo yuko tayari na fedha. B/L halisi husafirishwa kwa kampuni ya vifurushi baada ya kumaliza malipo, basi usicheleweshe salio ukingoja meli ikaribie.

Hapo, meli ikishashusha, ndipo mazungumzo na jirani yana maana kama bado unahitaji gari: wiki moja, na nyingine ikibidi, kwa maandishi na bima iliyohakikiwa kwamba inaruhusu kukodisha. Usirudishe gari la kukodi wala kuvunja mkataba wa bajaji siku ile wakala anapokupigia kwamba gari limetoka. Likishafika Arusha litahitaji oili, filta, na fundi wa kulitazama kabla hujawapakia watoto.

Kulipandisha kutoka Dar, tafuta dereva mzoefu wa safari ndefu, mwenye leseni unayoiona wewe na mdhamini unayemjua. Wapo waliozoea kupeleka magari ya IT, yale yanayopita kwenda nchi jirani, hadi Tunduma, wanajua gari geni linavyotakiwa kuendeshwa. Bima ianze kabla gari halijatoka getini bandarini. Tairi zilizokuja nalo zikaguliwe Dar, kwani gari lililokaa yadi na kwenye meli kwa miezi linaweza kuwa na tairi zenye mwonekano mzuri na mpira uliokwisha kukauka. Jeki na tairi ya spea viwepo. Mwambie aheshimu 50 kwenye makazi, tochi ziko nyingi kati ya Chalinze na Himo na faini ya 30,000 itakuja kwa namba ya gari lako. Asafiri mchana, giza likimkuta alale Korogwe au Same. Malipo mpe nusu akiondoka na nusu akikukabidhi funguo na kadi ya gari mlangoni kwako Moshono.